Matunda na mtoto mgumu: yaliyotukuta na yaliyotusaidia

Mtoto wetu wa pili alianza vizuri kabisa, tena vizuri kuliko dada yake. Alipofikisha miezi sita tukaanza kumpa ndizi ya kuponda, papai, parachichi, embe, yani ukishika kijiko tu mdomo ushafunguka. Mimi na mke wangu tukawa tunajisifia chinichini kwamba huyu tumempata, hasumbui. Sasa alipokaribia miaka miwili mambo yakageuka bila taarifa. Embe alilokula wiki iliyopita leo analisukuma, ndizi ikiwa na kadoa keusi inaenda chini, papai akilinusa tu kashageuza uso. Haikuchukua muda tukabaki na tunda moja tu analolikubali, tikiti, na hilo nalo ole wako akute mbegu.

Naandika kwa kirefu kwasababu kipindi kile nilitafuta mtu wa kunielezea kwa lugha ya kawaida sikumpata. Wengi waliniambia "atakula tu akikua", na wengine wakasema mchape. Hiyo ya kwanza ina ukweli nusu, hiyo ya pili haina hata robo.

Kwanza nianze na kitu ambacho ningekijua mapema nisingekosa usingizi. Mtoto mwaka wa kwanza anakua kwa kasi ya ajabu, akifika mwaka mmoja wengi wanakuwa na uzito kama mara tatu ya ule waliozaliwa nao. Baada ya hapo kasi inapungua sana, mwaka mzima wa pili anaongeza kama kilo mbili na nusu tu hivi. Kwaiyo njaa nayo inapungua, ni kawaida, mwili hauhitaji tena kama mwanzo. Alafu juu ya hilo, kuanzia kama miaka miwili mpaka sita hivi watoto wengi wanaingia kwenye umri wa kuogopa chakula wasichokizoea, na wakati mwingine hata walichokizoea kikibadilika sura kidogo. Ndo umri anaotembea mwenyewe na kuokota vitu, kwaiyo kuwa mwangalifu na kinachoingia mdomoni sio ujinga. Sisi tulisoma yote hayo kama kiburi. Tukaingia vitani.

Vita yenyewe naomba nisiieleze sana maana kila mzazi anaijua. Kuimba, kurusha kijiko hewani, kumbana pua (hapana, hilo sikulifanya mimi ila nimeona linafanywa na nilishauriwa), kumwekea katuni ili afungue mdomo bila kujua. Katuni inafanya kazi kwa siku chache, alafu unagundua mtoto anameza bila kujua anameza nini, ukizima simu na mdomo unazimika. Alikuwa anaweka kipande cha chungwa shavuni anakaa nacho mpaka tunamaliza kula wote tunaondoka mezani, ukimuuliza umemeza anatikisa kichwa ndio. Siku moja akatapika chakula chote mezani kwasababu ya kipande cha embe ambacho hata hakikuwa kikubwa, na toka siku ile akiona embe linamenywa anaondoka chumba kizima.

Kilichoharibu zaidi ni biashara ya biskuti. "Maliza ndizi upate biskuti." Nani hajawahi kuisema hiyo? Inafanya kazi leo, na kesho, keshokutwa mtoto anaanza kuuliza biskuti ngapi. Ukikaa ukaifikiria utaona tulichokuwa tunamfundisha: tunda ni ushuru, unalipa ndo upite uende kwenye kitu kizuri. Na hakuna mtu anapenda ushuru. Baadae nikaja kusoma kwamba jambo hili lilishapimwa miaka ya 1980 huko Marekani na mtafiti anaitwa Leann Birch na wenzake, walichukua watoto wadogo wakawapa kinywaji cha maziwa ya kuchachuka, wengine wakaahidiwa zawadi wakinywa, na wale walioahidiwa zawadi ndo walioishia kukipenda kidogo kuliko mwanzo. Nilivyosoma nikacheka mwenyewe maana nilikuwa na ushahidi huo huo nyumbani kwangu, umekaa chini ya meza unalia unataka biskuti.

Tukahamia kwenye juisi. Hapa ndo nataka wazazi wenzangu wasikilize vizuri kwasababu juisi inakudanganya kwa upole. Tukanunua blenda, tukawa tunasaga nanasi, embe, pasheni, tunachuja, anakunywa kikombe na anaongeza. Raha! Tukasema tatizo limeisha, matunda anapata. Baada ya miezi kadhaa tukaona chakula cha mchana hakigusi, choo kigumu analia chooni, usiku anaamka anataka juisi kwenye chupa, na meno ya mbele yakaanza kuwa na mstari mweupe pale karibu na fizi. Kumbe ule mstari mweupe ni dalili ya mwanzo ya jino kuoza, dokta wa meno akasema tumewahi, tungesubiri kidogo ungekuwa wa kahawia na tundu. Hela ya matunda tulikuwa tumeshaitumia kwenye juisi, tukaenda kutumia nyingine kwenye meno, na blenda yenyewe haikuwa ya bei rahisi.

Alivyotuelezea yule dokta ni hivi. Ukisaga tunda ukachuja, zile nyuzinyuzi zinazosaidia choo na zinazofanya ushibe taratibu zinabaki kwenye chujio. Kinachobaki kwenye kikombe ni maji na sukari na vitamini kiasi. Shirika la Afya Duniani hata sukari iliyomo kwenye juisi halisi wanaihesabu kundi moja na sukari ya kuongeza, lakini sukari iliyomo kwenye tunda zima hawaihesabu hivyo. Na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2017 walitoa mwongozo kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa isipokuwa daktari amesema, na wa mwaka mmoja hadi mitatu isizidi kama mililita 120 kwa siku, yani nusu kikombe. Wetu alikuwa anapiga vikombe vikubwa na chupa ya usiku juu.

Kuiacha ile juisi hakukuwa kazi ya siku moja. Tulikuwa tunaongeza maji kidogo kidogo kila baada ya siku chache mpaka ikawa maji yenye rangi, alafu maji. Chupa ya usiku tuliikata moja kwa moja, na siku za mwanzo nyumba nzima haikulala, dada yake akawa anaenda shule macho mekundu. Mke wangu alitaka turudishe, na mimi nikataka turudishe, tatizo hatukutaka usiku mmoja wote wawili kwa pamoja, hiyo ndo ilituokoa.

Nesi mmoja wa kliniki akanipa kazi ndogo ambayo ndo iligeuza kila kitu. Akasema usiniambie tu kwamba mtoto hali chakula, niandikie kila kitu kinachoingia mdomoni kuanzia anaamka mpaka analala, na saa yake. Nikaandika. Jamani. Maziwa akiamka, kipande cha mkate, biskuti wakati mama anapika ili asisumbue, maziwa tena, karanga kwa jirani, alafu saa saba tunamwekea chakula na tunda tunashangaa hali. Huyu mtoto hajawahi kusikia njaa tangu asubuhi! Tukapanga upya, milo mitatu na vitafunwa viwili katikati, kwa saa zinazojulikana, na katikati ya hapo ni maji tu. Maziwa yakapungua yakahamia kwenye mlo.

Na tunda likahamia saa nne asubuhi. Hilo badiliko moja lina thamani kuliko mengine yote niliyofanya. Zamani tulikuwa tunampa tunda baada ya chakula, ameshashiba, au pembeni ya wali na nyama ambapo lazima lishindwe. Saa nne ana njaa ya kweli, kwenye sahani kuna tunda peke yake, kidogo, hakuna anayeshindana nalo. Baadae tukaanza pia kuweka vipande vya matunda mezani wakati tunamalizia kupika jioni, ile saa watoto wanapozunguka jikoni wanalia njaa. Huhitaji kumwita mtu, wanaokota wenyewe.

Sasa kuna huyu mtaalamu wa lishe wa Marekani anaitwa Ellyn Satter, yeye ana mgawanyo wa kazi ambao kwangu ulikuwa mgumu kuliko kukesha. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi, na kinaliwa wapi. Mtoto anaamua ale au asile, na kiasi gani. Basi. Yani ukishaweka sahani kazi yako imeisha, unafunga mdomo. Hakuna "kula kidogo tu", hakuna "onja moja ya baba". Mimi ni mtu wa kuongea, niliumia. Wiki za mwanzo alikuwa anaangalia sahani ananiangalia mimi anasubiri nianze, nisipoanza anashuka kwenye kiti anaondoka, na tunda linabaki. Unaliangalia unajua ni hela ile. Tulichofanya ni kupunguza kipimo, kipande ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kinachobaki tunakula sisi au kinaenda friza.

Vipande vidogo vina sababu nyingine. Watafiti wa chakula cha watoto wanasema mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula mara nane mpaka kumi na tano, wengine hata zaidi, ndo akikubali. Wazazi wengi tunakata tamaa baada ya mara tatu nne tunatangaza "huyu hali mapapai" na mtoto anasikia anajiwekea hivyo hivyo kichwani. Na kukutana sio lazima kumeza. Kushika, kunusa, kulamba, kutafuna akatema, vyote vina mchango, ingawa kuonja ndo kunasogeza zaidi.

Hapo kwenye kutema ndo nikagombana na mama mkwe. Maana nilikuwa nimeweka kibakuli pembeni, nikamwambia kijana ukionja usipopenda tema humu, hakuna shida. Mama akaja kutusalimia akakaa nasi wiki kadhaa, akaona kile kibakuli.

"Baba, hiki ni nini?"

"Cha kutemea mama, akionja tunda asipolipenda."

"Chakula kinatemwa mezani, watu wazima tumekaa?"

Nikajaribu kumuelezea, kwamba mtoto akijua anaweza kutoa haogopi kuingiza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa baba, nyumba ni yako, kwa ile sauti ambayo kila mkwe anaijua maana yake. Mke wangu akawa katikati, jioni nikaambiwa ningetumia maneno mengine, sijui maneno gani. Kibakuli kikahamishwa kikawekwa chini ya meza kama makubaliano ya amani.

Lakini huyo huyo mama ndo alifanya kitu ambacho sisi na nadharia zetu zote tulikuwa hatujafanya. Kila asubuhi alikuwa anakaa nje na papai lake na kisu, anakata anakula, polepole, wala hamwiti mtu. Mtoto akaanza kusogea. Mama hamwangalii. Anakula. Mtoto akauliza bibi unakula nini, akajibiwa "papai langu", akaendelea kula. Langu! Siku zikaenda, mtoto akawa anakaa pembeni yake, anashika mbegu anazipanga, anachomeka kidole. Papai hakula, ngoja nisidanganye, ila akaomba pera lililokuwa kwenye kile kikapu cha bibi, akapewa nusu akalitafuna lote na mbegu zake. Mimi nimesimama mlangoni sijui nicheke au nikamuombe mama msamaha.

Nikajiangalia na mimi. Mara ya mwisho mtoto huyu kuniona nimekaa nakula tunda ni lini? Mimi natoka asubuhi na chai narudi usiku na ugali, matunda nilikuwa naona ni ya watoto na wagonjwa. Toka hapo nikawa nakula tunda mezani wao wakiniona, na dada yake nikamwomba asimsifie wala asimcheke mdogo wake, ale tu lake. Kati ya vyote tulivyojaribu hiki ndo kilikuwa rahisi zaidi na hakina gharama ya ziada.

Niseme kitu kuhusu matunda yenyewe maana tunamlaumu mtoto tu kumbe na tunda lina makosa yake. Biskuti ya leo na ya mwezi ujao ni ile ile. Embe la leo tamu, la kesho chachu, la keshokutwa lina nyuzi zinaganda kwenye meno. Mtoto mwenye wasiwasi akikutana na moja bovu anaacha yote. Kwaiyo nikaanza kuwa makini na kuiva. Ndizi kwa mtoto mgumu inabidi iwe imeiva mpaka vidoa vya kahawia vimeanza kwenye ganda, wanga umeshageuka sukari, ila ile sehemu ya ndani iliyopondeka ikabadilika rangi unaiondoa bila hotuba. Embe la nyuzi nyingi usimpe vipande, lichujie kwenye uji wake. Chungwa menya mpaka kile kingozi cheupe cha kila kipande, inachosha lakini watoto wengi shida yao sio ladha ya chungwa, ni kile kingozi kinachobaki mdomoni hakitafuniki. Papai likiwekwa kwenye friji likapoa harufu inapungua, na tone la ndimu au limao linasaidia zaidi. Tufaha ukilikata linabadilika rangi likikutana na hewa, lichovye kwenye maji yenye limao kidogo linakaa jeupe mpaka saa ya kula shuleni.

Nanasi nalo. Kijana alikuwa anasema "linaniuma" na sisi tunasema mwongo. Sio mwongo. Nanasi lisilopitishwa kwenye moto lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini ambacho kinachezea protini, na kwenye ulimi laini wa mtoto kinawasha kweli. Ukilipitisha kwenye moto kidogo kile kimeng'enya kinaharibika, kuwasha kunaisha. Tangu nimjaribishie nanasi lililopata moto kwenye kikaango, bila kuongeza kitu, anakula na anasema hili haliumi. Nikajifunza kumwamini akisema kitu kuhusu mdomo wake.

Maembe pia yana utomvu kwenye ganda unaofanya baadhi ya watoto watoke vipele kuzunguka mdomo. Wengi wetu tunadhani ni mzio wa embe lenyewe tunamkataza moja kwa moja, wakati mwingine ni ganda tu, ukiosha ukamenya vizuri ukampa nyama ya ndani hakuna kitu. Ila midomo ikivimba au akipumua kwa shida hiyo sio ya kujaribu nyumbani, hospitali. Na moja ya kuchekesha kwa wenye watoto wachanga: mtoto akila ndizi unaweza kukuta vijiuzi vyeusi kwenye choo, vinafanana na minyoo. Tulikimbia kliniki na nepi kwenye mfuko. Ni ndizi.

Usalama sitauzungushia. Zabibu nzima usimpe mtoto chini ya miaka mitano, zina ukubwa na utelezi wa kuziba koo kabisa, kata kwa urefu vipande vinne. Tufaha gumu kwa mdogo likwangue au lichemshe lilainike. Toa mbegu na kokwa. Awe amekaa, sio anakimbia, sio kwenye gari umempa mgongo. Asali usipakie tunda la mtoto chini ya mwaka mmoja hata kidogo, inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu mbaya sana kwa tumbo changa. Na osha matunda kwa maji safi hata yale utakayomenya, kisu kinapitisha uchafu wa ganda ndani.

Kingine ni kuhubiri. Nilikuwa mhubiri mzuri: kula lina vitamini, utakuwa na nguvu, utaona gizani. Kuna utafiti wa mwaka 2014 ulifanywa na watoto wadogo wa kabla ya shule Marekani, wakasomewa stori ya msichana anayekula kitu fulani, wengine wakaambiwa alikula akapata nguvu au akaweza kuhesabu, wengine hawakuambiwa faida yoyote, alafu wakapewa kile chakula. Walioambiwa faida walikula kidogo zaidi. Inaonekana mtoto akisikia kitu kina faida anahisi basi kitakuwa sio kitamu, na kwa kweli hata mimi mtu akiniletea kinywaji akaanza na faida zake naogopa. Saivi tunaongea tunda lenyewe tu, hili linapasuka mdomoni, hili baridi, hili limekuwa chachu leo. Au hatuongei.

Kumshirikisha kulisaidia kiasi. Kuchagua kati ya mawili ("tukate embe au tikiti?", usiulize "unataka tunda?" maana jibu unalijua), kuosha, kukata ndizi na kisu cha siagi. Maumbo ya nyota na mishkaki ya matunda tulifanya wiki moja tukachoka, vile vibati vya kukatia maumbo viko kabatini mpaka leo. Kama una muda fanya, ila usidhani ndo siri. Ndizi iliyogandishwa ikasagwa kwenye blenda inatoka laini kabisa inafanana na aiskrimu, hiyo inastahili, na blenda ikapata kazi ya halali.

Kuficha matunda ndani ya chapati za maji au uji sina ugomvi nako, virutubisho vinaingia. Ila hajifunzi kupenda kitu asichojua anakila, na siku akikukamata anaanza kukagua kila chakula. Bora umwambie kuna ndizi humu, akikataa akatae.

Kuna kipimo pia ambacho kingetupunguzia presha. Tulikuwa tunamwekea bakuli la mtu mzima. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 limeweka angalau gramu 250 kwa siku kwa miaka miwili mpaka mitano, 350 kwa miaka sita mpaka tisa, na 400 kuanzia kumi, na hiyo ni matunda na mboga kwa pamoja. Ndizi ya kawaida ikimenywa ina kama gramu mia moja au zaidi kidogo. Yani ndizi moja, mboga kiasi kwenye chakula na vipande vya embe jioni, umefika. Na sio lazima ale kila tunda duniani. Kijana wetu alivyoganda kwenye mapera tukamwacha agande, pera lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa, na vitamini C ikiliwa pamoja na maharage inausaidia mwili kuchukua yale madini ya chuma yaliyomo. Choo nacho kikalainika, ingawa tulijifunza awe anakunywa maji maana mapera na mbegu nyingi bila maji yanafunga.

Wapo watoto ambao hili sio la kusubiri. Akipungua uzito au uzito ukisimama bila kuongezeka muda mrefu, akiwa anakula vyakula vichache sana vya kuhesabika na vinazidi kupungua, akikabwa na kila kitu chenye vipande, choo kikitoka na damu, mpeleke akaonwe. Rafiki yangu aliambiwa mwanae ana deko, kumbe alikuwa na tatizo la kutafuna na kumeza, alihitaji mtaalamu, sio uvumilivu.

Kwetu ilichukua karibu mwaka mzima mpaka nikasema sasa tumepumua. Haikwenda juu moja kwa moja, akiugua anarudi kwenye tikiti tupu, tukisafiri anarudi kwenye tikiti tupu. Wageni wakimsukuma "mbona huli papai, kula mtoto mzuri" tunasema anakula matunda mengine, tunabadilisha mazungumzo. Papai mpaka leo hapana. Embe limerudi, chungwa likimenywa vile anavyotaka, nanasi la moto, ndizi, mapera ndo usiseme.

Sasa tuna wa tatu, ana miezi tisa. Huyu tunampa na vichachu vichachu tangu mwanzo, sio vitamu tu, na tunampa vipande laini ashike mwenyewe. Parachichi nyingi inaishia kichwani na kwenye nguo, mke wangu ameshasema wazi kwamba aliyeleta wazo hili ndo anafua. Kwaiyo nafua. Na kwa anayejiuliza, doa la parachichi loweka mapema kwa sabuni ya maji kabla halijakauka, la ndizi likishakauka kwenye shati jeupe hilo sahau.